Kuigawa Miale Juu ya Fuwele Moja

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya fuwele sikuruhusiwa kugusa chochote. Mkuu wa Maabara alinionyesha kiti kando ya ukuta, akasema, "Byamungu, leo wewe kaa tu. Angalia mashine inafanya nini. Jioni wewe ataambia mimi." Nikakaa. Mashine ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, imezungushiwa vioo vizito vyenye madini ya risasi, na nyuma yake pampu ilikuwa ikisukuma maji ya kupoza bila kupumzika. Katikati, pale nilipotarajia kuona kitu kikubwa, palikuwa na kijibomba cha kioo chembamba kama unywele, na ndani yake kipunje ambacho sikukiona mpaka nilipopewa kioo cha kukuzia. Kutwa nzima kipunje kile kiligeuzwa kidogo, kikasimama, kikageuzwa tena. Jioni Mkuu aliponiuliza nimeona nini, nilimwambia nimeona mashine inayouliza swali lile lile kutoka pembe nyingi. Akacheka, akanikabidhi ufunguo wa mlango.

Nawaandikia vijana wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, waliosoma sayansi na ambao wameniuliza, kila wanaponiona kanisani, nilikuwa nikifanya nini Mbarara miaka yote ile. Wengi wanajua tu kwamba nilikuwa "mutu wa radio," yaani wa eksirei, na kwamba nilikuwa nikirudi kambini Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Nilitoka Kivu ya Kusini mwaka 1996 pamoja na mke wangu Furaha na watoto wetu. Huko Bukavu nilikuwa fundi wa maabara ya fizikia katika shule, nikiandaa majaribio ya wanafunzi na kutengeneza vyombo vilivyoharibika. Nakivale tulipewa kiwanja upande wa Misiera, tukajenga, tukalima mahindi na maharage kama wenzetu. Mhudumu mmoja wa afya alipogundua kwamba ninajua kutengeneza mashine za umeme, aliniombea nafasi katika chumba cha eksirei cha hospitali moja mjini Mbarara. Hapo ndipo nilipoanza kazi hii, kabla ya kuhamia maabara.

Bosi wangu wa hospitali alikuwa Sista Msimamizi, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alinifundisha kwamba mlango wa chumba cha eksirei una bamba la risasi ndani yake ili miale isitoke. Niliposikia neno "risasi" nilishtuka, maana kwetu neno hilo lilikuwa na kazi nyingine. Sista akatambua. Akaligonga lile bamba kwa kidole, akasema, "Hii ndiyo risasi inayokinga. Izoee." Na kila nilipotaka kumpiga mgonjwa picha, kabla sijabonyeza kitufe, aliniuliza, "Unatafuta nini?" Nisipokuwa na jibu, hakuna picha. Alisema mwili unakula miale, na tonge likishaliwa halirudi. Kiasi hicho ambacho mwili umekula ndicho tulichokiita dozi. Mganga mwenye haraka anaweza kuagiza picha tano pale ambapo mbili zingetosha, na kazi ya mtu wa eksirei ni kuuliza kwa adabu, hizo tatu ni za nini.

Baada ya miaka kadhaa maabara ndogo ya kuchunguza dawa za mimea ilifunguliwa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, na ikapata mashine kuukuu ya eksirei kutoka ughaibuni. Walitafuta mtu wa kuitunza. Sista mwenyewe ndiye aliyenipeleka, akamwambia Mkuu wa Maabara, "Huyu anauliza kwanza." Hiyo ndiyo barua ya sifa niliyokuwa nayo.

Mkuu wa Maabara aliitwa Dakta Kyomugisha. Alikuwa mtoto wa askari, amekulia katika kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gwaride. Kiingereza chake kilikuwa kizuri mno kwangu, na Kifaransa changu hakikumfaa kitu, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya maabara. Majina ya vitu tuliyatunga wenyewe tukiwa kazini. Alinieleza mambo mara moja, kisha akaniachia nijaribu, na nilipokwama alikuja kusimama kando yangu bila kuninyang'anya kifaa.

Nieleze kidogo. Punje ya chumvi ni fuwele, na punje ya sukari ni fuwele. Ndani yake molekuli zimepangwa kwa safu kama matofali katika ukuta mrefu. Ukiipiga fuwele kwa mwale wa eksirei, mwale hutawanyika, na baadhi yake huruka kwa pembe maalumu. Kila mruko tuliuita nukta. Kigunduzi, yaani jicho la mashine, kilizifuata nukta moja moja na kuandika nguvu ya kila moja. Ukishakusanya nukta za kutosha, kompyuta inaweza kurudi nyuma na kukuambia kila atomi imekaa wapi. Unaona molekuli ambayo hakuna hadubini ya macho inayoweza kuionyesha.

Tatizo ni kwamba fuwele nazo hula miale, na hazishibi vizuri. Nyingine huvumilia. Nyingine, hasa zile zenye maji au pombe iliyonaswa ndani, huchoka. Miale huvunja viungo vya molekuli chache, vipande vinavyovunjika huzurura na kuvunja vingine, na safu zile zilizonyooka huanza kulegea. Nukta hufifia, za mbali kwanza, kisha za karibu. Kwa hiyo kila baada ya muda mashine ilirudi kupima nukta tatu zile zile tulizozichagua mwanzoni. Tuliziita walinzi. Walinzi wakipungua nguvu, tulijua fuwele inachoka. Mtu akikusanya data kwa pupa bila kuwaangalia walinzi, mwisho wake ana nukta za kwanza za fuwele nzima na nukta za mwisho za fuwele mahututi, na akizichanganya anapata picha ya kitu ambacho hakipo.

Nimelieleza hilo ili mnielewe ninapofika kwenye jambo la Mama Zawadi.

Mama Zawadi alikuwa mjane kutoka upande wa Fizi, huko kwetu Kivu, na jirani yetu Misiera. Alikuwa na meza dukani kwa dada yake, akiuza chumvi, sabuni, na unga wa gome la mti mchungu ambao akina mama wetu hutumia kwa tumbo. Furaha wangu mwenyewe alikuwa akiununua. Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, watu watatu wa nyumba moja walikunywa ule unga, wakatapika, na mioyo yao ikaanza kupiga polepole mno. Walikimbizwa Mbarara. Wawili walipona. Wa tatu, mzee wa kanisa letu, mtu aliyenipokea siku nilipofika kambini, alifariki wodini.

Polisi walimchukua Mama Zawadi. Yeye alisema, na hakubadilisha neno hata siku moja, kwamba unga ni wa mti ule ule ambao mama yake aliutumia. Kambini watu waligawanyika. Wako waliosema mzee aliugua ugonjwa wake mwenyewe. Wako waliosema mama yule ni mchawi. Watoto wake waliacha kwenda shule kwa maneno ya wenzao.

Daktari wa wodi alileta kopo la ule unga kwetu Nyamitanga. Sampuli nyingine ilikuwa imepelekwa Kampala, na majibu yalikuwa bado. Dakta Kyomugisha aliuloweka unga, akauchuja, akautenganisha, na kutoka humo akapata kitu kichungu cheupe. Vipimo vya rangi vilisema ni cha ukoo fulani wa molekuli, lakini katika ukoo huo kuna ndugu wawili wanaofanana kama mapacha. Wana atomi zile zile, kwa idadi ile ile. Mmoja ni mchungu tu. Mwingine hushika moyo. Tofauti yao ni kundi moja la atomi, ambalo kwa mmoja limeelekea juu na kwa mwingine limeelekea chini. Rangi haiwezi kukuonyesha hilo. Fuwele inaweza.

Dakta alijaribu kuzikuza fuwele kwa njia zote alizozijua. Nyingi zilitoka kama majivu. Chache zilikuwa na nyufa. Moja tu ilitoka safi, ndefu na nyembamba kama ncha ya sindano, angavu kabisa. Hakukuwa na unga wa kutosha kuanza upya, kwa sababu polisi walikuwa wamelifungia kopo lililobakia kama ushahidi. Tuliiingiza ile sindano katika kijibomba cha kioo pamoja na tone la maji yake iliyozaliwa nayo, tukaziba kwa nta isije ikakauka.

Siku hiyo Afisa wa upelelezi alifika. Alikuwa kijana mwenye heshima, amechoka.

"Dakta, jibu lini?" akauliza.

"Ssebo, bwana, mimi hapana jua bado."

"Yule mama iko ndani. Watu wanauliza mimi kila siku."

"Mimi nasikia. Lakini hii kitu iko moja," Dakta akasema, akimwonyesha kijibomba. "Kama mimi anaharibu leo, hakuna kesho. Wewe nataka jibu ya haraka ama jibu?"

Afisa akakitazama kile kijibomba kwa muda mrefu. "Kale," akasema, yaani sawa. "Mimi nangoja."

Hatukuanza na ile sindano. Tulianza na moja ya zile zenye nyufa, ambayo hatukuitaka. Tukaiweka mashineni, tukaupiga mwale mahali pamoja bila kuusogeza, tukawaangalia walinzi. Walianza kushuka mapema kuliko tulivyotumaini. Tulipoitazama fuwele kwa hadubini, pale ulipopita mwale palikuwa pamegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Pembeni bado palikuwa angavu. Dakta akaniita nione.

"Byamungu, unaona? Inakufa hapa. Hapa haijafa."

Kutokana na fuwele hiyo mbovu tulijua mahali pamoja panaweza kula kiasi gani kabla data yake haijawa uongo. Tukakaa mezani, yeye na karatasi yake, mimi na yangu, tukaichora ile sindano kama fimbo. Mwale wetu ulikuwa mfupi kuliko sindano, kwa hiyo tungeweza kuupiga sehemu moja tu kwa wakati, kisha tuiinue fuwele kwa skrubu ya kishikio, tupige sehemu nyingine iliyo mbichi. Tukaweka vituo vinne. Kati ya kituo na kituo tuliacha nafasi, kwa sababu ukingo wa mwale haukatiki kama kisu, na vile vipande vinavyozurura huvuka mpaka. Kila kituo kilipewa mgawo wake wa miale, na tulikubaliana tuondoke kabla ya kuumaliza. Kila kituo kilipewa pia nukta zake, pamoja na nukta chache za pamoja ambazo vituo vyote vingezipima, ili baadaye tuweze kuvioanisha.

Tulibishana juu ya kituo cha nne. Mimi nilitaka tukitumie kama vingine, tupate data nyingi zaidi. Dakta alitaka kibaki akiba.

"Akiba ya nini?" nikauliza.

"Ya kitu sisi hapana jua."

Nilimwambia kwamba huko kambini watu wananiuliza kila Jumamosi, na mtoto mkubwa wa Mama Zawadi amenishika mkono mbele ya kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, kwamba hilo ndilo linalomfanya atake akiba. Nikakubali, na sikukubali kwa kinyongo. Nilikuwa nimemsikia Sista ndani ya maneno yake.

Kituo cha kwanza kilikwenda vizuri. Walinzi walishuka kidogo, kama tulivyokadiria, tukahama. Kituo cha pili kilikuwa kimeanza tu pale umeme wa mji ulipokatika na kurudi, ukakatika na kurudi. Mashine ilijengwa ijizime yenyewe, na ilijizima. Lakini umeme ulipotulia usiku na mashine kujiwasha, kile kifuniko kidogo kinachofungua na kufunga mwale, mfano wa kope ya jicho, kilikwama kikiwa wazi. Kompyuta ilidhani kimefungwa. Hakuna aliyeweza kujua kwa kuangalia taa za mbele. Nilipofika asubuhi na kusoma nguvu ya walinzi, niliona imeanguka sana, nikazima kila kitu, nikavaa aproni ya risasi na kufungua.

Kituo cha pili kilikuwa kahawia. Si kahawia hafifu. Kilikuwa kimeungua, na weusi ulikuwa umetambaa hadi kwenye nafasi tuliyoiacha pembeni.

Nilikaa chini. Nilimfikiria Mama Zawadi kwenye benchi la kituo cha polisi, na mzee wetu aliyelala chini ya udongo, na nikaona kwamba tumewapotezea wote wawili kitu ambacho hakiwezi kukuzwa tena. Dakta alipoingia nilimwonyesha tu kwa kidole. Alitazama kwenye hadubini, kisha akavua saa yake ya mkononi na kuiweka mezani, kama mtu anayetaka kufua.

"Tengeneza hiyo kope," akasema. "Mimi atapanga upya."

Nikaifungua kope, nikaitoa kutu, nikabadilisha springi, na nikafunga taa ndogo inayowaka pale tu kope inapofunguka kweli, si pale kompyuta inapodhani. Taa hiyo ilibaki kwenye mashine ile mpaka ilipostaafu. Wakati nikifanya hivyo, Dakta alikuwa akikata nukta kwenye mpango wetu kwa kalamu nyekundu.

Sasa kituo cha akiba kilishika nafasi ya cha pili, lakini weusi ulikuwa umekula ukingo wa cha tatu, na miale tuliyoweza kutumia ilipungua. Kwa kawaida kila nukta ilipimwa mara mbili, kwa pande mbili za fuwele zinazopaswa kutoa jibu moja. Tuliziita pacha. Pacha zikikubaliana, unajua hujakosea. Dakta alipendekeza tuache pacha zote, tupime kila nukta mara moja, ili miale iliyobaki itoshe. Hapo nilikataa.

"Dakta, hiki si kipimo cha kitabu. Kuna mtu ndani. Tukipima mara moja tu, tutajuaje kwamba hatujadanganywa tena na kope?"

"Na kama sisi napima yote mara mbili, fuwele anakufa katikati."

"Basi tusipime yote. Tunatafuta nini?"

Akanitazama. Akainamia karatasi. Tulitaka kujua kundi moja la atomi limeelekea wapi. Hatukuhitaji uzuri wote wa molekuli. Aliorodhesha nukta ambazo, kwa hesabu yake, zingetofautiana zaidi kati ya ndugu wale wawili. Hizo tukazipa pacha. Zilizobaki tukazipima mara moja, na zile hafifu za mbali kabisa tukaziacha. Tukapanga pia zile muhimu zitangulie katika kila kituo, wakati fuwele bado ina nguvu. Hesabu ilikuwa yake. Hofu ilikuwa yetu sote.

Kituo cha tatu na cha nne nililala navyo, kwa kusema hivyo, maana sikwenda nyumbani Jumamosi ile. Furaha alinitumia mihogo na ujumbe kwamba watoto wanauliza kama nimehamia kwa mashine. Walinzi walishuka polepole. Taa yangu iliwaka na kuzimika ilivyopaswa. Tulipomaliza, fuwele ilikuwa na mabaka manne, moja jeusi na matatu ya rangi ya majani makavu, na kati yake vipande vidogo bado vilikuwa angavu.

Kompyuta ilichukua muda wake. Ramani ya atomi ilipotokea kwenye kioo, ilikuwa na ukungu pembeni, kama nilivyotarajia, lakini pale katikati, mahali pa swali letu, ilikuwa wazi. Kundi lilielekea upande wa yule anayeshika moyo.

Dakta akaigeuza molekuli kwenye kioo, akailazimisha kompyuta ikubali yule ndugu mwingine. Hesabu ikakataa. Akajaribu kwa data ya kituo cha kwanza peke yake, kisha kwa vile viwili vya mwisho peke yake. Kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Wewe ulitaka ingine," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi."

Niliomba niwe mimi wa kumwambia. Afisa alikubali, akakaa nasi pale kituo cha polisi, kwenye chumba chenye meza moja. Mama Zawadi alikuwa amekonda. Alinisalimia kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama kwetu.

"Baba Amani, museme. Musinifiche."

Nikamwambia. Nilimweleza kwamba ndani ya unga wake kuna kitu kinachoshika moyo, kwamba tumekipima kwa uangalifu wote tulionao, na kwamba hatudhani kilitoka katika mti wa mama yake.

Mama Zawadi akasema, "Miye sikuuaka mutu. Ile muti naijua tangu butoto."

"Mama, gome hilo ulilitoa wapi?"

"Zamani nilikuwa nakata miye mwenyewe. Huu mwaka miguu ilinikataa. Bale bakataji ba kuni njo baliniletea. Ilikuwa inafanana, hata rangi. Miye nikatwanga tu." Akasimama ghafla, hata Afisa akainuka. "Baba Amani! Kuko gunia ingine! Niligawia bamama ba pale sokoni, na mingine ilienda fasi ya mbali, kule ngambo ya ziwa. Mwende! Mwende bakusanye, wasikunywe!"

Nimewahi kusikia watu wakijitetea, huko kwetu na huku. Sijasikia mtu akiacha kujitetea namna ile. Afisa hakuuliza swali jingine, alitoka akaita gari. Mama Zawadi aliwataja wote kwa majina, na kwa siku chache zilizofuata viongozi wa vijiji walipita nyumba kwa nyumba na maduka kwa maduka. Nyumba moja walikuta unga umeshachanganywa na uji wa mgonjwa, upo mezani, unapoa.

Baadaye Mama Zawadi alipelekwa pamoja na wakata kuni mlimani walikolitoa lile gome. Alisimama mbele ya miti miwili iliyofanana, akaukata mmoja kwa panga, akangoja. Ukatoa maji maangavu, kama mti wa mama yake. Akaukata wa pili, na baada ya muda ukatoa utomvu mweupe kidogo, kiasi cha kulowesha kidole. Wakati wa kiangazi utomvu huo karibu hauonekani. Akaketi chini, akalia kwa mara ya kwanza.

Majibu ya Kampala yalipofika yalikubaliana na yetu. Mama Zawadi aliachiliwa, kwa kuwa ilionekana hakukusudia. Mjane wa mzee wetu hakumsalimia kwa muda mrefu sana, wala sikuwahi kumlaumu kwa hilo. Wako waliomwambia asamehe upesi kwa sababu ni Wakristo. Yeye alisema atasamehe moyo wake utakapofika. Ulifika siku moja ya mavuno, alipompelekea Mama Zawadi kikapu cha maharage, akakiweka mlangoni, akarudi zake.

Mimi niliendelea na kazi. Tulipima fuwele nyingi baada ya ile, na kila moja ilianza kwa fuwele mbovu ya kujaribia na fimbo iliyochorwa kwenye karatasi. Miaka ya mwisho maabara ilipata mashine mpya. Hiyo haipimi nukta moja moja, inazishika nyingi kwa pamoja, na unaweza kuiagiza iisogeze fuwele taratibu huku ikiizungusha, ili miale ienee kwa urefu wote na pasiwe na mahali panapokula kuliko pengine. Kazi tuliyoifanya kwa skrubu na kalamu nyekundu, sasa mtu anaiandika kwa mistari michache. Nilifurahi kuiona. Mafundi wapya waliponiuliza kama sisikitiki kwamba ufundi wangu umekwisha, niliwaambia mashine imechukua mikono yangu tu. Kuamua fuwele ile ni ya kujibu swali gani, na swali hilo linastahili miale kiasi gani, bado ni kazi ya mtu.

Nilistaafu mwaka 2015. Dakta Kyomugisha, naye mvi zimemjaa, alinifanyia chai na keki, akahutubia kwa Kiswahili makusudi ingawa wengi pale hawakukielewa. Alisema, "Huyu mzee alikataa mimi mara moja, na alikuwa na haki nusu. Ile nusu ilitosha." Watu wakapiga makofi wasijue kwa nini. Mimi nilijua.

Sasa niko Misiera na Furaha. Nalima kidogo, natengeneza redio na taa za sola za majirani. Ninapokaa barazani huwa nafikiri kwamba maisha yangu ya kazi yalikuwa ya kugawa kitu chenye madhara ili kilete faida, na kwamba sikupata hata mara moja kuwa na hakika kamili nilipokuwa nikigawa. Nilikuwa na mpango, na mtu wa kubishana naye. Vijana wakitaka ushauri wangu, watafute hivyo viwili.

Majuzi Mama Zawadi alikuja nyumbani. Anatembea kwa fimbo. Aliniomba nimwonyeshe kile kitu tulichokiona, nami nikamchorea molekuli kwenye karatasi, na kundi lile la atomi likitazama juu. Aliiangalia sana, kisha akauliza, "Na ile ya muti ya mama yangu? Iko namna gani?"

Nikamwambia kweli: hatukuwahi kuipima. Tunadhani ni yule ndugu mwingine, lakini kudhani ni kudhani.

Akafungua kitenge chake, akatoa gome lililofungwa kwa jani la mgomba, bado bichi.

"Nimekata miye mwenyewe," akasema. "Nilingojea mpaka nikaona maji yake. Miye najua ni dawa. Lakini nilijua hata ile ingine." Akaliweka gome mikononi mwangu. "Mupeleke kule kwenu. Mupime kwanza, njo nitauzisha."

Jumatatu alfajiri nilivaa viatu vyangu vya kazi nikaenda Mbarara.